Fundi wa Bunduki Anajibu: Chupa ya 80,000 na Msumari wa 200

Barua za safari hii karibu zote zinanukia mafuta. Kuna watu wanazunguka kati ya Masasi, Nachingwea na Lindi mjini wakiuza vichupa vya "dawa ya mtutu", na majira wameyapatia: minada ya korosho imeanza na mifuko imetuna. Nimechukua barua sita. Walioniuliza bei ya bunduki za kale wanisamehe, mimi si dalali.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa ghala la chama cha msingi, nashika shotigani ya mitutu miwili ya mwajiri. Alikuja kijana mtanashati, fulana yake ina picha ya bunduki, akaniuzia chupa ya mililita 60 kwa Sh 80,000. Alisema ukipaka mara moja dawa inaingia kwenye vinyweleo vya chuma, inapunguza msuguano kwa asilimia 90, inahimili joto la nyuzi 1,000, ni ya daraja la kijeshi, na mtutu hausafishwi tena. Alikuwa na kimashine chenye gurudumu. Alipotia mafuta ya kawaida gurudumu likakwama, alipotia dawa yake likazunguka tu. Mke wangu anasema nimeibiwa. Nimeibiwa?
Mlinzi wa usiku, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mkeo kuibiwa ni neno zito. Chupa umepewa na ndani mna mafuta, ila umelipia mafuta ya elfu tano na maneno ya elfu sabini na tano.

Tuanze na hiyo asilimia 90, maana ndiyo inayowalaghai hata wasomi. Imepungua kutoka wapi? Chuma kikavu kikisuguana na chuma kikavu, kipimo cha msuguano huwa kama 0.6 au 0.7. Tia mafuta yoyote ya maana katikati, kipimo kinashuka hadi 0.1 na ushee. Hapo umeshapunguza zaidi ya asilimia 80, na umetumia mafuta ya cherehani ya fundi nguo wa jirani. Kijana hakusema uongo. Alilinganisha dawa yake na ukavu, akakuacha wewe udhani ameilinganisha na mafuta ya wenzake. Safari nyingine mtu akikutajia asilimia, muulize: kuliko nini?

Vinyweleo vya chuma sivijui. Mtutu si ngozi ya mtoto. Ipo rangi ya kijivu ya fosfeti wanayopaka bunduki nyingi za kijeshi kwa nje, hiyo kweli ina vitundu na hunywa mafuta, lakini ndani ya mtutu wako mnang'aa kama kioo. Kinachokaa pale ni utando wa juu, na kitambaa kikipita unatoka. Nyuzi 1,000 nazo ni za kuchekesha. Mafuta ya kawaida ya kulainisha yakifika nyuzi 200 na kitu yanaanza kutoa mvuke unaoshika moto, na baruti inapolipuka gesi yake inapita nyuzi 2,000. Hakuna tone la mafuta litakalokaa hapo likingoja.

"Daraja la kijeshi" ni maneno matupu mpaka yawe na namba. Jeshi la Marekani lina masharti yake ya mafuta ya kusafisha, kulainisha na kukinga silaha, yanaitwa MIL-PRF-63460. Anayeyatimiza huiandika namba hiyo kwenye chupa kwa sababu imemgharimu kuipata. Aliyeandika "kijeshi" tu na kuchora kofia ya chuma, mwache na kofia yake.

Sasa ile mashine. Naijua vizuri. Gurudumu la chuma linazunguka, kipande cha chuma kinakandamizwa juu yake kwa mkono wa wenzo. Wengi wa wauza dawa hizi hutia ndani mchanganyiko wenye klorini. Pale penye mgandamizo mkali klorini hushikana na chuma na kufanya utando mwembamba unaoteleza, gurudumu halikwami, watu wanapiga makofi. Mwaka juzi, stendi ya Mtwara, nilimwomba mmoja wao ajaribu na cha kwangu. Nikatoa pakiti ya shampuu ya mke wangu. Gurudumu likazunguka kama feni. Watu walicheka, yeye akakunja meza. Shampuu ilishinda mafuta ya injini, lakini sijamsikia hata dereva mmoja wa basi la Dar es Salaam akimimina shampuu kwenye injini yake. Mashine ile hupima jambo moja tu, chuma kukandamiza chuma kwa nguvu kubwa mahali padogo, na shotigani yako haina mahali pa namna hiyo isipokuwa labda pini ya bawaba, ambayo grisi kidogo inaitosha. Halafu klorini hiyo hiyo ikikutana na unyevu na joto huzaa tindikali. Yaani uliyemkaribisha akulindie nyumba anachimba ukuta kwa ndani.

Nikuulize na mimi. Mwaka jana ulifyatua risasi ngapi? Nadhani hazifiki kumi, na tano kati ya hizo zilikuwa za kujaribu. Nilikuwa fundi wa silaha Liwale miaka 19 kabla ya kuhamia Mikindani. Nimezika bunduki nyingi, na sikumbuki hata moja iliyokufa kwa msuguano. Zimekufa kwa kutu. Zilikaa kwenye ala za ngozi, ngozi ikanywa unyevu na kuutunza. Zilishikwa na mikono ya jasho zikarudishwa kabatini bila kufutwa, na alama za vidole vitano zikachorwa kwenye chuma milele. Kwa hiyo dawa ya msuguano ni jibu zuri la swali ambalo bunduki yako haijawahi kuuliza.

Hiyo chupa usiitupe. Ila usipake bila kujua ina nini, na kwa vyovyote endelea kusafisha mtutu. Aliyekuambia hausafishwi tena ndiye ninayemchukia.

SWALI: Fundi, habari za Mikindani. Mimi ni mama mwenye shamba la mikorosho na bunduki ya kibali ya kufukuzia nguruwe pori. Kila mwaka kufika mwezi wa tisa mtutu unakuwa na vidoa vyekundu hata kama nimeupaka mafuta. Nimeona mafuta yameandikwa "saa 1,000 za ukungu wa chumvi bila kutu". Kwa sisi wa pwani si ndiyo yenyewe?
Mama Mikorosho, Mtwara Vijijini

JIBU: Salama, mama, karibu. Kwanza niambie bunduki unaiweka wapi. Kama ni stoo ile ile ya salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na nakisia ndiyo, maana vidoa vyako vinatokea baada ya msimu wa kupulizia, basi nusu ya jibu umeshalipata. Unga wa salfa ukilalia chuma penye unyevu hukila. Angalia bomba lako la kupulizia lilivyo baada ya miaka mitatu. Hamisha bunduki, na kabla ya kupaka chochote ifute vumbi lote, maana mafuta juu ya salfa ni shuka juu ya kunguni. Na popote utakapoihamishia pawe panafungwa kwa kufuli, risasi mbali na bunduki.

Hizo saa 1,000 ni habari ya kweli iliyosimuliwa nusu. Jaribio lipo na lina jina, ASTM B117, limekuwa likichapishwa Marekani tangu 1939. Wanaweka kipande cha chuma kwenye sanduku lililofungwa, joto nyuzi 35, na wanakipulizia ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 bila kukatisha. Bahari yetu ina kama asilimia 3.5, kwa hiyo utasema sanduku ni kali kuliko Mtwara. Si hivyo. Ndani ya sanduku chuma hakikauki. Huku kwetu kinalowa alfajiri, kinakauka saa nne, jua linayeyusha mafuta yanachuruzika, jioni upepo wa kusi unaleta chumvi nyingine, halafu mkono wako na jasho lake. Saa 1,000 ni siku 41 na kidogo, lakini hazigeuki kuwa siku 41 za kibarazani kwako, wala miezi, wala miaka. Jaribio lile linafaa kulinganisha mafuta mawili ndani ya sanduku moja siku moja, basi. Tena uliza walipaka kwenye chuma gani. Wengine hupaka kwenye bati lililokwisha kutiwa fosfeti, halafu sifa wanayapa mafuta.

Mimi nina sanduku langu, nalo ni kibaraza changu kinachotazama ghuba ya Mikindani. Nunua misumari saba ya inchi nne ya Sh 200 mmoja, isiwe ya kupakwa madini meupe, iwe ile myeusi ya kawaida. Isugue msasa, ioshe kwa petroli mbali na moto, usiiguse tena kwa vidole, shika kwa kitambaa. Mmoja uache mtupu. Hiyo mingine ichovye kila mmoja kwenye mafuta yake, iachie ichuruzike usiku mmoja, kisha itundike kwa uzi panapopita upepo bila mvua. Andika daftarini kila asubuhi. Ule mtupu ndio mzani wako. Bila huo hujui kama wiki hiyo hewa ilikuwa kavu.

Nilifanya hivyo wakati wa kusi. Msumari mtupu ulikuwa na vidoa kesho yake asubuhi. Wa mafuta ya nazi ulipata sisimizi kabla ya kupata kutu, kutu ikafuata siku ya nne. Mafuta ya cherehani yalivumilia siku sita. Oili chafu ya injini, ambayo najua wengi mnaitumia kwa kuwa ni ya bure, ilishindwa mapema kuliko oili mpya, na si ajabu, imebeba masizi na tindikali za injini. Oili mpya ilifika wiki ya pili. Chupa moja ya bei mbaya niliyopewa na rafiki iliizidi oili mpya kwa siku moja. Wa saba niliupaka mafuta ya mgando, haya haya ya kupaka watoto, yasiyo na manukato. Wiki ya tano niliufuta kwa kidole, chini chuma kilikuwa cheupe.

Usikimbilie kupaka mafuta ya mgando kila mahali, mama. Ni mazito, yanashika vumbi, na yakiingia kwenye mtambo wa kufyatulia yatakwamisha. Kwa nje ya mtutu na kwa bunduki inayolala miezi, sawa. Ndani ya mtambo tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Na kabla ya kufyatua, baada ya kuhakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, pitisha kitambaa kikavu mtutu mzima. Mafuta mengi au grisi iliyobaki ndani ni kizuizi, na mtutu unaweza kuvimba kama kidole kilichokaa na mwiba.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi nina mashine ya boti Msanga Mkuu. Kuna dawa ya kumimina kwenye oili, wanasema ina Tefloni inayofunika vyuma vya injini. Na kuna jamaa anauza hiyo hiyo kwa wenye bunduki. Ni dawa moja?
Nahodha kijana

JIBU: Marahaba, mjukuu. Ukoo ni mmoja. Tefloni ni jina la biashara la PTFE, iligunduliwa 1938 na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, na kwenye kikaangio inafanya kazi nzuri kwa sababu kiwandani iligandishwa kwa moto mkali juu ya chuma kilichosafishwa. Kumimina unga wake kwenye oili si kugandisha. Mwaka 1997 kampuni iliyokuwa ikiuza dawa ya injini iitwayo Slick 50 ilikubaliana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iache kudai kuwa inapunguza uchakavu wa injini bila ushahidi wa kuthibitisha. Hilo lilikuwa jina kubwa, si kichupa cha stendi. Pesa yako nunua oili inayotakiwa na kitabu cha mashine, na suuza mashine kwa maji baridi kila ukitoka baharini. Kwenye bunduki PTFE haina ubaya, inasaidia kidogo sehemu zinazoteleza polepole, ila haifuniki kitu milele.

SWALI: Fundi, mimi ni askari wa wanyamapori, kituo changu kiko upande wa Liwale. Wageni wawindaji wanazungumza mambo ya kugandisha mtutu kwa baridi kali, kupaka risasi molibdenamu (unga wa kulainisha), na mitutu ya kromu. Kipi ni kweli? Na kwa nini bunduki zetu za zamani zinapata kutu ndani hata tukipaka mafuta jioni hiyo hiyo?
Askari, Liwale

JIBU: Umenirudisha nyumbani, bwana. Nitaanza na la mwisho kwa kuwa ndilo litakalookoa bunduki zenu kesho. Angalieni risasi zenu za zamani za kijeshi. Nyingi za kale zina fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, yenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ninyi mnaifunika kwa mafuta, yenyewe inanyonya unyevu huko chini na kula chuma kwa raha zake. Dawa yake ni maji ya moto, siku hiyo hiyo, kabla ya mafuta. Mimina, sugua kwa brashi, mimina tena, kausha sana, ndipo upake. Wenye magobori ya kibali nao ni hivyo hivyo, maana majivu ya baruti nyeusi hupenda maji. Niliwahi kumwona mgeni akishtuka tulipomimina birika la maji kwenye mtutu wa bunduki, akasema tunaiua. Yeye alikuwa na chupa nne kwenye begi lake na hakuna hata moja ambayo ingeiondoa ile chumvi kuliko birika.

Mtutu wa bunduki ya kuwindia yenye nguvu huchakaa kuanzia kooni, pale mbele ya chemba, na mlaji ni moto na gesi, wala si risasi kusugua. Ndiyo maana hakuna mafuta ya kurefusha maisha ya mtutu. Kromu kweli husaidia. Ni ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani, inakinga moto na kutu, na jamii ya AK inajulikana kwa hiyo. Kuna na ile ya kuchemsha chuma kwenye chumvi iliyoyeyuka, nyuzi 570 hivi, naitrojeni ikaingia juu ya chuma na kukifanya kigumu. Hiyo nayo ni ya kweli. Zote hizo ni kazi za kiwanda, haziuzwi kwa chupa, na mkivipasha vyuma vyenu moto huko Liwale mtaviharibu.

Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, kuna maana kwenye vyuma vigumu vya zana na visu. Chuma cha mtutu hakina mengi ya kubadilika kwa baridi hiyo. Anayesema bunduki yake sasa inalenga vizuri zaidi, mwombe karatasi ya shabaha ya kabla na ya baada, risasi kumi kumi, sio tatu tatu. Kwa risasi tatu hata mimi na macho yangu haya nitakuonyesha muujiza. Molibdenamu ilivuma miaka ya 1990 kwa walenga shabaha, wengi wakaiacha. Huacha tabaka ndani ya mtutu, na kwenye hewa ya unyevu kama yetu kutu hupata blanketi.

SWALI: Babu yangu amefariki, ameacha gobori darini. Alikuwa akilipaka mafuta ya ganda la korosho. Niendelee nayo?
Mjukuu, Newala

JIBU: Pole kwa msiba. Usilipake chochote wala usilijaribu, huenda lina baruti ndani tangu enzi hizo. Nenda kituo cha polisi ukawaeleze lilipo, waje walichukue wenyewe au wakuelekeze. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kwamba ni la babu. Mafuta ya ganda la korosho yanafaa kwenye mbao na mashua, mchwa anayakimbia, lakini ni ya tindikali, yanachubua ngozi na yakikauka yanaganda kama gundi. Viwandani huyatumia kutengenezea breki za magari. Nadhani unaona mwenyewe kitu cha kutengenezea breki hakipakwi mahali panapotakiwa kuteleza.

SWALI: Wewe mzee, toleo lililopita uliandika kwamba dawa za mtutu ni za kupimwa kwanza. Wateja wangu watatu wamerudisha chupa. Mimi nina familia. Dawa yangu ni nzuri, imetoka nje, na hujawahi hata kuijaribu.
Mfanyabiashara, Lindi

JIBU: Kijana wangu, hapo mwisho umenishinda, kweli sijaijaribu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Chupa nzuri nayo inaweza kuzungukwa nayo stendi kama haina duka. Basi panda gari uje Mikindani. Misumari ninayo, mipya, bado iko kwenye karatasi ya dukani. Utachovya wewe, utatundika wewe, daftari tutaandika wote wawili, na msumari mmoja utakuwa wa mafuta ya mgando. Kimashine chako kibaki Lindi. Chai na mihogo ya nazi ni juu yangu siku utakayotundika na siku utakayorudi, wiki tano baadaye, na matokeo yoyote yatakayokuwa nitayaandika hapa hapa kwenye ukurasa huu, na jina la dawa yako ukitaka.